Mchana wa Popo na Mama Pazia

Mtaani kwao walimwita Popo, na hakuwahi kukasirika, maana jina lilikuwa lake kwa haki. Mtu anayetoka nyumbani wenzake wanapofunga milango, akarudi wenzake wanapopiga mswaki, utamwitaje? Popo alikuwa mwokaji mikate. Alianza kazi akiwa kijana asiye na ndevu, akibeba magunia ya unga, akapanda hadi kwenye kukanda, mwisho akakabidhiwa tanuri lenyewe, na hapo mbele ya tanuri ndipo alipozeekea. Mkate hauna huruma na mwokaji. Watu wanautaka asubuhi, tena wa moto, na ili wao waupate asubuhi lazima mtu fulani auze usiku wake. Popo aliuza wake wote.

Mkewe alikuwa fundi wa mapazia, kwa hiyo wakamwita Mama Pazia. Alikuwa na kibanda karibu na soko, cherehani moja mlangoni palipo na mwanga, nyingine ndani kwa vitambaa vizito. Kazi yake ilitaka mchana, kwa sababu kitambaa cheusi ukikishona kwa taa hafifu utashona na kidole chako. Basi ndivyo ndoa yao ilivyokwenda: huyu anaingia, huyu anatoka. Asubuhi walikutana mlangoni, mume ana unga kwenye nyusi, mke ana mkoba begani, wakaulizana habari za watoto harakaharaka, wakapeana funguo. Jioni walikula pamoja, mmoja ndiyo kwanza ameamka, mwingine kope zinamwanguka, na sahani zikishatolewa Popo alivaa koti lake akaondoka. Majirani walitania kwamba watoto wao wawili walipatikana kwa njia ya posta. Mama Pazia alicheka pamoja nao. Siku nyingine utani huo ulimchoma, na siku hizo alicheka zaidi.

Pazia zito kuliko yote aliyowahi kushona halikuuzwa. Lilikuwa la chumba chao cha kulala, kitambaa tabaka juu ya tabaka, ili mumewe apate giza wakati jua la asubuhi limeshawaka. Watoto walikulia humo ndani wakinong'ona. "Baba amelala" ilikuwa sentensi yao ya mwanzo, na walijifunza kugombana kwa ishara, kulia kwa ishara, hata kucheka kwa kuziba midomo. Waliokuja kuwatembelea walidhani ni nyumba ya watawa.

Na msidhani sikukuu ziliwasaidia. Sikukuu ndipo watu wanapotaka mikate mingi zaidi, na watu hao hao ndio wanaotaka mapazia mapya. Mama Pazia hakuwa mtu wa kudaidai, lakini kitu kimoja alikidai tangu alipokuwa msichana aliyeolewa juzi: mchana mmoja mzima. Kuanzia chai ya asubuhi mpaka jua lizame, yeye na mumewe, wote wawili macho, wanatembea tu bila pa kwenda. Popo alimjibu vile vile kila mara, bila ubaya. "Nikistaafu, Mama Watoto." Akastaafu kweli. Alistaafu mwaka ule ule mkewe alipoanza kukonda.

Mwanzoni walisema ni vidonda vya tumbo. Baadaye wakasema nyongo. Binti yao mkubwa, ambaye ana kichwa cha kupanga mambo kuliko serikali, akahangaika huku na huku mpaka akawapatia nafasi kwenye hospitali ya nchi ya mbali, mji mkubwa wenye mto katikati na majengo marefu ya mawe, ambako hawakujua hata kusema "samahani". Walilala kwenye nyumba ya wageni nyuma ya hospitali, chumba chenye kitanda kimoja, meza ya kukunja, na birika la umeme. Vipimo vilichukua siku kadhaa. Majibu yalikuja siku moja kabla ya sikukuu kubwa ya nchi ile, korido tupu, manesi wakiwa tayari wameshavaa nguo za kwenda makwao.

Daktari hakuzunguka mbuyu, na Mama Pazia alimheshimu kwa hilo. Alizungumza na mkalimani, msichana mwenye sauti ya chini, naye akageuza maneno moja moja. Ni saratani ya kongosho. Imeshafika kwenye ini. Hakuna pa kukata. Atapewa dawa za maumivu, arudi nyumbani akae na watu wake. Mama Pazia aliuliza muda. Ni miezi, akajibiwa, si miaka, na tena si miezi mingi. Ndipo Popo, aliyekuwa amekaa ameshika kofia magotini, akauliza swali lake la pekee.

"Mayai anaruhusiwa kula?"

Mkalimani alimtazama kidogo kabla ya kulipeleka swali. Daktari akasema ndiyo, anaruhusiwa, ale chochote anachotaka. Popo akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa habari njema, na tangu hapo hakulizungumzia jambo lile tena. Ilikuwa "tukirudi nyumbani", ilikuwa "ukipata nafuu", ilikuwa "nimeona koti zuri, litakufaa kipindi cha baridi". Mkewe alimwacha. Alimjua. Mtu aliyefanya kazi na moto maisha yake yote anajua kusimama kando ya kitu kinachounguza bila kukigusa.

Ndege ya kuwarudisha ilikuwa ni baada ya sikukuu. Katikati pakabaki siku moja isiyo na daktari, isiyo na sindano, isiyo na foleni. Asubuhi hiyo Mama Pazia aliamka, akajisikia mwili mwepesi kidogo, dawa zimeshika vizuri, akakaa kitandani akasema, "Baba Watoto, leo tutembee."

Hakutaka kingine. Ametimiza umri wa bibi, amelea, ameshona, amezika wazazi wake na wa mumewe, na hakuwa na kinyongo na mtu. Alitaka mchana wake tu, ule aliokuwa akiuomba, na ndani ya mchana huo mume aliye macho. Alikuwa amejiambia pia kwamba watu wakitembea bega kwa bega ulimi hulainika, na kwamba labda leo Popo angelisema lile jambo kwa mdomo wake. Aliona kulibeba peke yake ni kuzito kuliko ugonjwa wenyewe.

Tatizo ni kwamba Popo alikuwa hajalala. Kustaafu hakukuuambia mwili wake chochote. Usiku kucha alikuwa wima dirishani akiangalia barabara ya watu wengine, na kulipopambazuka alishuka kutafuta mkate, akakuta kila mlango umeteremshwa chuma. Alirudi na mkate wa pakiti aliouchomoa kwenye mashine ya kuuzia vyakula iliyokuwa pembeni ya hospitali. Akauweka mezani, akaubonyeza kwa kidole gumba, akasubiri uinuke. Haukuinuka.

"Huu umeokwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda sikukuu," alisema.

Mkewe alicheka mpaka akashika ubavu. Wakala vipande viwili vitatu na chai, Popo akinawa uso, akirudi, akinawa tena. Mama Pazia aliona. Alijifanya hakuona.

Wakatoka. Mji ulikuwa umefungwa wote, na mji uliofungwa una namna yake ya kukutazama. Madukani sanamu za nguo zilisimama nyuma ya vioo, zimevalishwa kwa ajili ya watu waliokwenda makwao. Chemchemi ya uwanjani ilikuwa imezimwa, chini yake maji kidogo na majani makavu. Walifika kwenye jumba la makumbusho ambalo binti yao alisema wasirudi bila kuliona, wakapanda ngazi zake pana polepole, wakipumzika katikati kwa ajili ya pumzi za Mama Pazia, na juu wakakuta lango refu lina kufuli na karatasi. Mlinzi alitoa kichwa dirishani, akapunga mkono wa kusema hapana, akakirudisha kichwa chake ndani. Popo alimpiga mkewe picha mbele ya kufuli.

"Tutawaambia tuliingia tukatoka," alisema. "Nani ataenda kuhakiki?"

Walikuta mnara wa saa, umefungwa. Kanisa la kale, limefungwa. Bustani ya ndege imefungwa, ingawa ndege wenyewe walisikika wakigombana ndani. Baada ya hapo wakaacha kutafuta vitu vya kuona, wakawa wanaona tu. Mama Pazia alisimama chini ya madirisha ya watu akikagua mapazia: lile limekatwa vibaya ndiyo maana linavuta upande, hili amelishona mtu anayejua, tazama mikunjo yake inavyoanguka sawasawa. Popo alisimama mbele ya kila duka la mikate lililofungwa, akaweka viganja kwenye kioo na kuchungulia ndani kutafuta tanuri. Alikuta moja la matofali, la zamani, akakaa hapo kitambo kirefu akimweleza mkewe jinsi matofali yale yanavyotunza joto, na mkewe, ambaye hakuwahi kukanyaga pale mumewe alipofanya kazi usiku hata mara moja, akauliza maswali, na Popo akajibu, na wote wawili wakashangaa kidogo kwamba hawakuwahi kuzungumza juu ya jambo hilo.

Kwa nini tusiseme ukweli? Walikuwa na furaha. Alikuwa ameambiwa anakufa, na bado asubuhi ile Mama Pazia alifurahi jinsi ambavyo hakuwa amefurahi kwa muda mrefu. Alimshika mumewe mkono hadharani, kitu ambacho mtaani kwao kingezungumzwa wiki nzima, na Popo akauacha mkono wake ushikwe. Jua lilikuwa linapanda. Mama Pazia alilitazama likipanda kama mgeni aliyekuwa akimsubiri.

Kwenye daraja Popo akapiga mwayo wa kwanza.

Aliuficha vizuri, akajifanya anakohoa. Wa pili hakuweza. Saa kama ile, katika maisha yake yote ya kazi, huwa ameshavua viatu na kuingia nyuma ya lile pazia zito, na mwili wake ulikuwa ukienda huko huko bila kumwuliza. Alianza kutembea kwa kuburuza mguu. Akaanza kuzungumza sana, akihesabu magari, akisoma mabango kwa herufi asizozijua, akijing'ata mdomo wa chini. Mama Pazia naye miguu ilikuwa imeanza kumwisha, kwa hiyo walipofika kwenye bustani ya wazi kando ya mto, wakatafuta benchi chini ya mti, wakakaa.

"Niongeleshe," Popo alimwambia. "Usininyamazie. Ukininyamazia nitapotea."

Akavua kiatu kimoja kwa mazoea, akashtuka, akaacha cha pili mguuni. Mama Pazia akamwongelesha. Alianza na watoto, akaja kwa wajukuu, akamweleza kisa cha mteja mmoja aliyetaka pazia la kuficha ukuta uliopasuka, na Popo akaitikia vizuri, akacheka mahali pa kuchekea. Mbele yao mto ulipita polepole, na kwenye gati dogo boti ya watalii ilikuwa ikipakia watu. Kumbe kilikuwepo kitu kimoja mjini ambacho hakikufungwa. Watu walikaa kwenye viti vya safu, na wengine wameshikana mabega.

Mama Pazia akajua kwamba asiposema sasa, hatasema. Alitazama maji, kwa sababu kumtazama mumewe kungemrudisha nyuma. Akapiga moyo konde.

"Baba Watoto," alisema, "mimi naogopa. Mchana najikaza mbele yenu. Lakini naogopa sana."

Akasubiri. Mto ulipita. Hakujibiwa, naye akadhani mumewe anatafuta maneno, akampa nafasi ayatafute. Alipogeuka alimkuta kidevu kimelala kifuani, mdomo wazi kidogo, mikono imefunguka mapajani. Popo alikuwa ameuchapa usingizi, usingizi wa pono.

Wengine watasema alipaswa kumwonea huruma. Hao hawakuishi miaka yake. Hasira iliyomjia Mama Pazia haikuwa ya siku ile tu, ilikuwa ya asubuhi zote za mlangoni, ya watoto walionong'ona, ya magonjwa ya watoto aliyokesha nayo peke yake na mchana akaenda kushona, ya mazishi ambayo mumewe alikuja kusimama nusu saa na macho mekundu kisha akaondoka kulala. Mchana mmoja. Aliomba mchana mmoja, na huyu bwana ameshindwa kuufikisha hata katikati. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ukali kama anamfutia mtu mwingine. Akasimama. Akachukua mkoba wake. Akasema kwa sauti ya kawaida, kwa mtu asiyesikia, "Mimi naenda kupanda boti."

Akaenda. Hakuangalia nyuma, na aliposhuka kile kijia cha mawe kuelekea gatini alijisikia mwenye nguvu. Yeye pia ni mtu. Atakaa kwenye kiti cha mbele, aone daraja kwa chini, aone mji kutoka majini, arudi amkute bado amelala, na safari hii atakuwa na kitu chake mwenyewe ambacho hakugawana na mtu. Alijiunga na foleni. Mbele yake kulikuwa na mwanamke na mumewe, wazee kama wao, wakigombana kwa chini juu ya nani aliyesahau mwavuli. Mama Pazia hakuelewa neno hata moja, na alielewa yote.

Foleni ikafika kwake. Mkata tiketi alikuwa kijana mwenye kofia ya samawati. Alimuuliza kitu, akaona hakueleweka, akacheka kwa adabu, akainua kidole kimoja: mtu mmoja?

Mama Pazia akainua viwili.

Hakukusudia. Mkono wake ulifanya hivyo wenyewe, kama ulivyozoea kuweka sahani mbili, kununua pea mbili za soksi, kuosha vikombe viwili. Kijana akachungulia nyuma yake kumtafuta huyo wa pili, hakumwona, akakata tiketi zote mbili hata hivyo. Mama Pazia akazichukua, akasimama pembeni ya foleni, hasira yote imemwishia miguuni. Alikuwa akijiuliza ni vipi atamwamsha mtu ambaye katika ndoa yao yote hakuwahi kumwamsha mchana, wala hakuwahi kumruhusu mtu amwamshe.

Hapo ndipo aliposikia kelele.

Mwanzoni hakutambua ni sauti ya nani. Ilikuwa sauti ya mwanamume akiita jina, na jina lenyewe lilichukua muda kumfikia. Lilikuwa jina lake. Si Mama Watoto, wala Mama Pazia, ni lile jina la usichana wake, ambalo Popo hakulitia mdomoni tangu mtoto wao wa kwanza alipozaliwa. Sasa alikuwa akilipigia kelele katikati ya bustani ya watu wa nchi nyingine, tena na tena, sauti ikipasuka.

Mama Pazia alipanda kile kijia kwa kasi ambayo daktari hangeiruhusu. Alimwona kabla yeye hajamwona. Popo alikuwa amesimama njiani na kiatu kimoja, soksi ya mguu wa pili imechafuka, mkono mmoja ameuinua kifuani kuonyesha kimo cha mtu anayemtafuta. Alimsimamisha mama mmoja mwenye gari la mtoto, akamweleza kwa Kiswahili kwamba ni mwanamke mwembamba, amevaa kitambaa cha kijani, ni mgonjwa, hawezi kwenda mbali. Yule mama alitingisha kichwa akasukuma gari lake upesi. Popo akamgeukia mtu mwingine, akaanza upya na mkono wake kifuani. Watu walimpisha kama wanavyompisha mlevi. Mwokaji aliyeheshimika mtaa mzima, aliyekuwa hapandishi sauti hata kwa mwanafunzi aliyeunguza mikate, alikuwa akihangaika vile, na hakuna aliyemwelewa.

"Baba Watoto, niko hapa."

Aligeuka. Hakumkimbilia. Alikaa pale pale chini, ukingoni mwa njia, kwenye nyasi. Mama Pazia alikwenda kwanza kwenye benchi, akachukua kile kiatu kilichobaki, akarudi akakaa chini kando yake, kwa taabu, kiatu akiwa amekishika mapajani. Akamwambia hakwenda mbali, alikuwa hapo mtoni tu, alikuwa akiwakatia tiketi. Akamwonyesha tiketi. Popo hakuziangalia.

"Nimeamka hupo," alisema.

"Nimekuambia nilikuwa hapo mtoni."

"Nimeamka hupo." Alikuwa ameinamia mikono yake, ile mikono mikubwa yenye alama za kuungua mpaka kwenye viwiko. "Nilidhani niko nyumbani. Nikasikiliza nyayo zako, hakuna. Nikasikiliza jikoni. Nikafumbua macho nikaona watu siwajui, nikauliza, hakuna anayenisikia." Akamtazama mkewe. "Kumbe ndivyo nitakavyokuwa naamka."

Basi, lile jambo lilikuwa limesemwa. Mama Pazia alikuwa amelisubiri neno hilo tangu kwenye ofisi ya daktari, aliona angepumua likitoka, na sasa limetoka alitamani angelirudisha kwa mikono yake mwenyewe kinywani mwa mumewe. Muda wote alikuwa akijifikiria yeye anayeondoka. Hakuwa amemfikiria huyu, siku ya kwanza, baada ya wageni wa msiba kutawanyika, akinyanyua kichwa kwenye mto na kusikiliza.

Angeweza kumwambia hapana. Watu wengi wangemwambia hapana, Mungu mkubwa, tutajaribu na hospitali nyingine. Alimpenda mno, hakuweza kumwambia hivyo.

"Ndiyo," alisema. "Ndivyo."

Popo akalia. Mkewe hakuwahi kumwona akilia, na si kwa sababu hakulia, bali kwa sababu kama alilia, alilia usiku mbele ya tanuri, mahali ambapo mkewe hakuwepo. Alilia bila kuficha uso, mabega yakimpanda na kushuka. Mtoni boti ilipiga honi, ikaondoka. Mama Pazia alimwacha alie mpaka alipochoka, kisha akatoa leso kwenye mkoba akampa, na akaanza kuzungumza, taratibu, kwa sauti ile aliyoitumia kumwelekeza mwanafunzi mpya jinsi ya kukata kitambaa cha thamani.

"Ukiamka, usitoke mbio hivi. Kaa kwanza kitandani. Utakuwa unajua sipo, kwa hiyo usinisikilize jikoni. Kunywa maji. Vaa viatu vyote viwili."

Popo alijifuta pua. "Halafu?"

"Halafu oga. Mashati yako nitayapanga upande wa kulia, usimsumbue mtu kuyatafuta. Ukishavaa nenda kwa binti yako ukale. Usile wima jikoni kama mwizi, nakujua. Kaa mezani."

"Halafu?"

"Wajukuu watakuja kutoka shule. Waache wapige kelele, usiwaambie wanyamaze. Wa kwetu walinyamaza vya kutosha."

Aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amemkazia macho kama mtu anayeelekezwa njia katika mji mgeni na anaogopa kusahau kona. Usingizi ulikuwa umemruka kabisa. Jua lilikuwa limeshapita katikati na kuanza kuteremka upande wa pili wa mto, na bado walikaa chini kwenye nyasi, wazee wawili, wapita njia wakiwazunguka. Mama Pazia akaendelea. Alimweleza dawa ya presha inakaa wapi, na ni jirani gani wa kumwamini na ufunguo, na kwamba asioe haraka kwa sababu ya upweke, ila akija kuoa baadaye asimfiche binti yao. Popo alitaka kupinga hilo la mwisho, akaambiwa asikilize. Akasikiliza.

"Ukishachoka kucheza na watoto itakuwa jioni," Mama Pazia alisema. "Jioni haitakupa shida. Jioni ulizoea kuniaga ukaondoka."

Popo akatingisha kichwa.

"Jioni ndiyo itakuwa mbaya," alisema. "Jioni ndiyo nilikuwa nakuona."

Mama Pazia akainama, akamkung'uta soksi, akamvalisha kiatu, akaanza kumfunga kamba.